Kifungio cha Mkanda wa Usalama katika Viti vya Nyuma: Misingi ya Usanifu kwa Magari ya Abiria ya Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kifungio cha mkanda wa usalama kinavyofanya kazi na masharti ambayo msanifu anapaswa kuyatimiza anapokibuni kwa ajili ya viti vya nyuma vya magari yanayobeba abiria katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Hoja kuu ni kwamba uimara wa chuma, ambao ndio hupewa uzito mkubwa katika viwango vya kimataifa, si kikwazo cha kwanza katika mazingira hayo. Kikwazo cha kwanza ni kwamba kifungio cha nyuma huwa kimezama chini ya kiti, kimejaa vumbi, au kinamtia abiria wasiwasi kwamba hatatoka. Makala haikutokana na majaribio ya maabara. Imejikita katika uchambuzi wa mfumo wenyewe, masharti ya Kanuni Na. 16 ya Umoja wa Mataifa, na hesabu za mfano ambazo msomaji anaweza kuzirudia.

1.0 Utangulizi

Barabara ya Babati kwenda Singida hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,417. Ni barabara ya lami na magari huenda kwa kasi. Barabara za kupandia Mbulu ni za namna nyingine. Anayetokea Magara huiacha sakafu ya Bonde la Ufa na kuukwea ukingo wake kwa kona kali na miteremko mirefu. Anayetokea Dareda kuelekea Dongobesh hukutana na ukingo huohuo mahali pengine. Juu ya uwanda, barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe, zenye tope wakati wa masika na vumbi jingi wakati wa kiangazi.

Tofauti hii ya barabara si maelezo ya kijiografia tu. Kwenye lami ya Hanang, ajali ambayo msanifu anapaswa kuifikiria kwanza ni ya gari kugongana uso kwa uso na jingine au kugonga kitu kilichosimama. Kwenye ukingo wa Mbulu, ajali ya kufikiriwa kwanza ni gari kuacha njia na kubingirika. Katika ajali ya kwanza kifungio huvutwa mara moja, kwa nguvu nyingi, kuelekea mbele. Katika ya pili huvutwa mara kadhaa kutoka pande tofauti, na mwishoni huenda abiria akabaki ananing'inia kichwa chini huku akitakiwa kujifungua mwenyewe. Kifungio kimoja kinapaswa kukidhi hali zote mbili, kwa kuwa gari lililoondoka Katesh asubuhi linaweza kuwa limefika Mbulu jioni.

Katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, wajibu wa kufunga mkanda ulielekezwa kwa dereva na abiria wa kiti cha mbele. Abiria wa nyuma aliachwa. Si ajabu basi kwamba mmiliki wa gari akikagua mikanda yake kabla ya kupita kituo cha polisi hukagua miwili ya mbele. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Japani mwaka 2002, uliotumia kumbukumbu za ajali za nchi hiyo, ulionesha kwamba abiria wa nyuma asiyefunga mkanda huongeza hatari ya kufa kwa aliyekaa mbele yake, hata kama huyo wa mbele amefunga, kwa takribani mara tano. Mwili wa nyuma hugeuka kuwa mzigo unaomkandamiza wa mbele. Kwa hiyo dereva anayedhani kwamba mkanda wa nyuma ni hiari ya abiria hajajua kwamba ni suala la uhai wake yeye.

1.1 Istilahi

Mazungumzo ya mafundi kuhusu mkanda hutumia neno moja, "kifungo", kwa maana ya sehemu tatu au nne tofauti. Makala hii inazitenganisha. Kifungio ni kile kijisanduku kidogo chenye kitufe chekundu. Ulimi ni bamba la chuma lenye tundu, lililoshikwa na utepe wa mkanda, linaloingizwa katika kifungio. Komeo ni kipande cha chuma kilichomo ndani ya kifungio kinachoingia katika tundu la ulimi na kuuzuia usitoke. Neno hili limechaguliwa kwa sababu kazi yake ni ileile ya komeo la mlango. Kisukumio ni kipande chenye springi kinachousukuma ulimi nje. Kikonyo ni shina linalokishikilia kifungio, liwe la waya wa chuma, la bamba au la utepe. Nanga ni mahali ambapo mfumo wote umefungwa kwenye bodi ya gari. Kile kinachouvuta na kuukunja mkanda kando ya kiti kinaitwa hapa kivutio.

2.0 Utendaji wa kifungio

Mkanda wa ncha tatu unaotumika leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo, mwaka 1959. Sehemu moja ya ubunifu wake ambayo husahaulika ni kwamba kifungio kiliwekwa chini, pembeni mwa nyonga, na si katikati ya tumbo. Utepe wa bega na utepe wa kiunoni hukutana kwenye ulimi mmoja, na abiria hufunga kwa mkono mmoja. Kwa hiyo mzigo wa tepe mbili huishia katika tundu moja la chuma.

Ukubwa wa mzigo huo unaweza kukadiriwa. Tuchukue abiria mwenye kilo 70 ndani ya gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, likasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mchapuko hasi ni mita 139 kwa sekunde mraba, na kani inayohitajika kumsimamisha ni takribani Nyutoni 9,700. Hiyo ni sawa na uzito wa magunia kumi ya mahindi ya kilo mia moja yaliyoning'inizwa pamoja. Kanuni Na. 16 inataka kifungio kihimili Nyutoni 9,800, na viwanda vimekuwa vikilitimiza sharti hili kwa miongo mingi. Bamba la chuma lenye unene wa milimita chache, likikatwa na kufanyiwa matibabu ya joto ipasavyo, linatosha.

Ugumu halisi umo katika mgongano wa masharti mawili. Kifungio kisifunguke kamwe bila kukusudiwa, lakini kikikusudiwa kifunguke mara moja, kwa mkono mmoja, kwa tendo moja la upande mmoja. Kanuni hiyo imeweka mipaka ya kani kwa pande zote mbili: kifungio kisifunguliwe kwa kani iliyo chini ya Nyutoni 10, na baada ya jaribio la mgongano, kikiwa bado kimevutwa, kifunguliwe kwa kani isiyozidi Nyutoni 60. Kati ya 10 na 60 ndipo ulipo uwanja wote wa msanifu, na uwanja huo ni mdogo kuliko unavyoonekana.

Tuanze na mpaka wa chini. Kitufe chenyewe kina masi. Gari likigonga, kifungio hutikisika, na kitufe huweza kubaki nyuma ya mwendo wa ganda lake kwa sababu ya inesha, hali ambayo ni sawa na kukibonyeza. Kitufe cha gramu 6, kifungio kikitikiswa kwa mchapuko wa mara 100 ya ule wa mvutano wa dunia, hujibonyeza kwa kani ya karibu Nyutoni 5.9. Springi ya kitufe ikiwa na Nyutoni 4 tu, komeo litaanza kusogea katika ajali pasipo mtu kugusa kitu. Ndiyo sababu baadhi ya wasanifu huweka kijiwe cha kusawazisha ndani ya kifungio, kinachosogea kinyume cha kitufe na kukizuia. Njia rahisi zaidi, na inayofaa zaidi mahali ambapo kila kipande cha ziada ni mahali pa vumbi kukaa, ni kupunguza masi ya kitufe na kuipa springi yake kani ya awali isiyopungua Nyutoni 10.

Mpaka wa juu unahusu abiria anayening'inia. Mtu wa kilo 70 akibaki kichwa chini ana uzito wa takribani Nyutoni 690. Tukikadiria kwamba nusu yake, Nyutoni 350, huvuta kwenye kifungio, na kigawo cha msuguano kati ya komeo na ulimi ni 0.2, basi kulichomoa komeo moja kwa moja kunahitaji Nyutoni 70. Tayari mpaka wa 60 umevukwa. Kwa hiyo kitufe hakiwezi kulivuta komeo moja kwa moja. Lazima pawepo wenzo au mteremko unaopunguza kani. Wenzo wa tatu kwa moja hushusha Nyutoni 70 kuwa 23. Ukiongeza Nyutoni 10 za springi, abiria anabonyeza kwa 33. Hilo linakubalika, hata kwa bibi mwenye vidole dhaifu. Gharama yake ni kwamba komeo linalohitaji kusogea milimita 3 linakitaka kitufe kisogee milimita 9, na ganda linapaswa kuwa kubwa kiasi hicho.

Hesabu hii ilifanywa kwa chuma safi. Vumbi likiingia na kigawo cha msuguano kikapanda hadi 0.4, Nyutoni 70 huwa 140. Wenzo huzishusha kuwa 47. Na pamoja na springi hufika 57. Kifungio hicho bado kiko ndani ya kanuni, ila kwa Nyutoni 3 tu. Katika mfano huu vumbi limemaliza karibu akiba yote ya usalama kabla kutu haijaanza. Mtahini anayetaka kujua kwa nini makala hii inarudi kwenye vumbi mara kwa mara ataona sababu hapo.

3.0 Kiti cha nyuma kama mazingira tofauti

Kifungio cha dereva hufungwa na mtu mmoja anayekijua, mahali palepale, kila siku. Kimeshikiliwa na kikonyo kigumu ambacho mara nyingi kimefungwa kwenye kiti chenyewe, kwa hiyo kiti kikisogezwa nacho husogea. Kifungio cha nyuma hutumiwa na watu tofauti kila safari, wengine wakiwa hawajawahi kukigusa. Gari likiwa noah au hiace, viti vya nyuma hukunjwa ili kupakia mizigo. Katika wilaya hizi mizigo hiyo ni magunia ya vitunguu saumu kutoka Mbulu, mahindi, mbaazi, na bidhaa za siku ya mnada. Kiti kinapokunjuliwa tena, vifungio huwa vimebaki chini ya mto. Abiria anayeingia huona utepe unaoning'inia pembeni, anauvuta, anatafuta mahali pa kuuchomeka, hapaoni, anauachia.

Mtu huyo hawezi kusemwa kwamba amekataa kufunga mkanda. Gari ndilo lililomkatalia. Msimamo wa mwandishi ni kwamba kampeni za elimu kwa abiria zinazotangulia kukitoa kifungio chini ya mto zinamlaumu asiyehusika.

Suluhisho la kisanifu liko katika kikonyo. Kikonyo cha utepe mtupu ni chepesi na cha bei nafuu, lakini hulala na kuzama. Kikonyo kigumu cha bamba husimama, ila gunia likiwekwa juu yake hupinda au hukitoboa kiti, na katika ajali chuma kinachochomoza huweza kumuumiza anayerushwa juu yake. Kinachofaa ni cha kati: utepe au waya uliosukwa, uliovikwa mkono wa mpira mgumu unaoinama mzigo ukija na kusimama tena mzigo ukiondoka. Urefu wake uwe wa kutosha kuuweka mdomo wa kifungio sentimita chache juu ya mto, lakini usizidi hapo. Kikonyo kirefu mno hukipandisha kifungio kutoka nyongani hadi tumboni, na utepe wa kiunoni ukikaa juu ya tumbo badala ya mifupa ya nyonga, mkanda wenyewe huweza kujeruhi viungo vya ndani. Msanifu asidanganyike kwamba kifungio kinachoonekana zaidi ni bora zaidi.

Jambo jingine la kiti cha nyuma ni wingi wa vifungio mahali pamoja. Kiti cha watu watatu huwa na vifungio viwili vinavyokaribiana katikati, na magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu kwa abiria wa kati. Abiria wawili wasiojuana huchomeka ndimi zao katika vifungio vilivyopishana, tepe zikavukana, na mmoja hawezi kujifungua bila kumfungua mwenzake. Viwanda huzuia hali hii kwa kuupa ulimi wa katikati upana tofauti, ili usiingie katika kifungio cha jirani. Fundi anayebadilisha ulimi mmoja kwa kuokota wowote kutoka kwenye gari lililochinjwa huiondoa kinga hii bila kujua.

Mavazi nayo yana nafasi yake. Uwanda wa Mbulu una baridi, na abiria wengi, Wairaki kwa Wadatoga, husafiri wamejifunika shuka nzito au makoti. Shuka linaweza kuingia pamoja na ulimi katika mdomo wa kifungio na kuuzuia usifike mwisho. Mdomo uliopanuliwa kwa mteremko huongoza ulimi lakini pia hualika nguo. Mdomo mwembamba huzuia nguo lakini humshinda mtu anayefunga gizani kwa kupapasa. Katika hili mwandishi anapendelea mdomo mpana, kwa sharti kwamba kifungio kiwe na uwezo wa kuukataa ulimi ambao haujafika. Sharti hilo ndilo linalojadiliwa sasa.

4.0 Vumbi, punje na kufunga nusu

Kifungio cha nyuma kimeelekezwa mdomo juu, kama kikombe. Kila kinachoanguka kwenye kiti huishia humo: vumbi la barabara, maganda ya karanga, punje za mahindi, soda iliyomwagika, sarafu iliyotumbukizwa na mtoto. Kwa muda mrefu mchanganyiko huu hukaa chini ya kisukumio na kuganda.

Matokeo yake ya kwanza ni yale yanayoonekana: ulimi hauingii. Hilo, kwa upande wa usalama, ndilo lenye madhara madogo, kwa kuwa abiria anajua kwamba hajafunga. Matokeo ya pili ni ya hatari. Ulimi huingia, komeo hushuka, lakini halifiki mwisho wa tundu kwa sababu punje imelizuia. Ukingo mdogo tu wa komeo umeshika. Abiria anasikia mlio, anavuta kidogo, anaona umeshika, anatulia. Gari likigonga, ukingo huo huteleza na mkanda hufunguka wakati uleule ambao ulihitajika. Kanuni Na. 16 inataka isiwezekane kifungio kubaki katika hali ya kufungwa nusu. Sharti hili limekaa katika sentensi fupi, lakini katika mazingira ya vumbi ndilo gumu kuliko yote.

Njia ya kulitimiza ni kuifanya kani ya kisukumio ishinde msuguano wote wa ulimi ambao haujakomewa kikamilifu. Kwa maneno mengine, kifungio kiwe na hali mbili tu: ama ulimi umefungwa kabisa, ama umerushwa nje. Hapa aina ya mkanda ina uzito. Katika mkanda wenye kivutio, springi ya kivutio huuvuta utepe na kusaidia kuutoa ulimi uliokwama nusu. Katika mkanda usio na kivutio, ambao ndio hufungwa zaidi katika viti vilivyotengenezwa karakana, hakuna msaada huo, na kisukumio hufanya kazi peke yake. Kwa hiyo springi ya kisukumio kwa mkanda wa namna hii inapaswa kuwa na nguvu zaidi, na mpangilio wa ndani ufanywe hivi: komeo lisiweze kushuka mpaka kisukumio kiwe kimerudi nyuma hadi mwisho. Kisukumio kikizuiwa na punje, komeo linabaki juu, na ulimi unatoka. Afadhali mkanda unaokataa kufungwa kuliko unaodanganya kwamba umefungwa.

Baada ya hapo ndipo linakuja suala la kuondoa uchafu wenyewe. Pendekezo la makala hii ni kifungio kiachwe wazi upande wa chini, chenye tundu pana kuliko punje ya mahindi, ili kinachoingia mdomoni kipite na kuanguka kila ulimi unapousukuma. Pingamizi linajulikana: tundu la chini huingiza vumbi jipya. Ni kweli, lakini vumbi linaloingia na kutoka halina madhara ya lile linaloingia na kukaa. Springi ziwekwe pembeni mwa njia ya ulimi na si chini yake. Mafuta ya grisi yasitumike ndani, kwa kuwa grisi ikichanganyika na vumbi huwa kama msasa wa maji. Nyuso zinazosuguana zitengenezwe kwa plastiki ngumu dhidi ya chuma kilichopakwa kinga ya kutu, ambazo haziihitaji.

Viwango havisaidii sana hapa. Kanuni Na. 16 ina jaribio la vumbi, linalofanyika kwa saa tano ndani ya sanduku ambamo vumbi hupulizwa kila baada ya dakika 20, lakini limeelekezwa kwenye kivutio. Kifungio hupimwa kwa njia nyingine, yaani kufungwa na kufunguliwa mara 5,000 kabla ya jaribio la mgongano. Idadi hiyo inafaa gari la familia. Noah inayofanya safari sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ingefunga na kufungua kila kifungio mara 1,800 kwa mwaka endapo abiria wote wangetumia mikanda, na mara 5,000 zingeisha kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Tena gari hilo huwa limekwisha kutumika miaka kadhaa Japani kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam. Mfano wa kifungio unaokusudiwa kwa magari ya abiria ya Manyara unapaswa kupimwa kwa mizunguko mingi zaidi, na sehemu ya mizunguko hiyo ifanyike kikiwa kimemwagiwa vumbi la huko huko na punje.

5.0 Hofu ya kunasa

Abiria wengi wa nyuma hutoa sababu moja ya kutofunga: gari likiwaka moto au likitumbukia majini, mkanda utawanasa. Ni rahisi kuipuuza hofu hii kama ujinga. Lakini mtu aliyewahi kuhangaika na kifungio kilichokwama, gari likiwa limesimama salama stendi, ana ushahidi wake mkononi. Hofu yake ni hitimisho la uzoefu, na jibu lake ni kifungio kinachofunguka mbele ya macho yake kila anaposhuka.

Kwa kitufe, kanuni imeweka rangi nyekundu na ukubwa: kikiwa kimezama ndani ya ganda, eneo lake lisipungue sentimita mraba 4.5 na upana wake usipungue milimita 15. Rangi nyekundu isitumike mahali pengine popote kwenye kifungio. Kwa viti vya nyuma vya wilaya hizi kuna sababu ya kuuvuka upana huo wa chini, kwa kuwa anayefungua huenda amevaa shuka, amepakata mtoto, na mkono wake mmoja tu uko huru. Kitufe kiwe juu, kando ya mdomo, na si ubavuni. Kitufe cha ubavuni hubonyezwa na kiuno cha jirani mahali ambapo watu wanne wamekaa kwenye kiti cha watatu, na hilo si jambo la nadharia kwa yeyote aliyesafiri siku ya mnada.

Mtoto anayepakatwa anastahili neno la ziada. Mkanda mmoja usizungushwe kwa mama na mtoto pamoja, kwa kuwa uzito wa mama utamkandamiza mtoto dhidi ya utepe. Hakuna usanifu wa kifungio unaoliondoa tatizo hili. Linahitaji kiti cha mtoto, ambacho nacho hufungwa kwa kifungio hikihiki, na kikonyo kirefu mno hukifanya kiti hicho kiyumbe.

6.0 Uzoefu wa Kenya

Jirani zetu walilikabili suala hili mapema. Tangazo la Kisheria Na. 161 la mwaka 2003, lililotolewa John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya na kuanza kusimamiwa Februari 2004, lilizitaka matatu ziwe na mkanda kwa kila kiti pamoja na kidhibiti mwendo cha kilometa 80 kwa saa. Mikanda ilifungwa kwa wingi na kwa haraka, mingi ikiwa ya kiunoni isiyo na kivutio. Abiria walianza kulalamika kwamba mikanda ilikuwa michafu na inachafua nguo za kazini. Vifungio viliharibika, na desturi ikawa kuuweka utepe mapajani askari anapoonekana. Sheria iliifikisha mikanda ndani ya magari. Haikuwa na la kusema juu ya mahali ambapo utepe ungelala usipotumika. Utepe usio na kivutio hulala sakafuni, hukanyagwa, na ulimi wake hukusanya tope linaloingizwa kwenye kifungio mara ya kwanza mtu anapojaribu kufunga. Kwa sababu hiyo, iwapo Tanzania itapanua wajibu wa mkanda hadi viti vyote, kivutio kiwe sehemu ya sharti. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kifungio chenyewe, lakini pasipo hicho kifungio hakitadumu.

7.0 Nanga na karakana

Kifungio bora kilichofungwa kwenye bati jembamba hakina maana. Kwa magari madogo ya abiria, Kanuni Na. 14 inazipima nanga kwa Nyutoni 13,500 kwenye utepe wa bega na kiasi hichohicho kwenye utepe wa kiunoni kwa wakati mmoja. Gari la mizigo lililobadilishwa kuwa la abiria, kwa viti vilivyochomelewa karakana, halikuwahi kuwa na nanga hizo. Sakafu yake ni bati. Fundi anayetoboa tundu na kukaza bolti kwa washa ndogo ametengeneza kitu kitakachochanika kama karatasi. Panahitajika bamba la chuma chini ya sakafu, pana kuliko kiganja, lililo karibu na boriti ya chasi au lililounganishwa nayo. Bolti ya mkanda iliyozoeleka katika magari mengi ni ya inchi 7/16, yenye nyuzi 20 kwa inchi, ya chuma kigumu. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi yenye unene unaokaribiana huingia tundu hilo kwa kulazimishwa, hukaza nusu, na kwa macho haina tofauti.

Vifungio vilivyotumika vinauzwa, na katika hali ya sasa mafundi wataendelea kuvinunua. Anayenunua anaweza kufanya vipimo vitatu bila kifaa chochote zaidi ya ulimi unaolingana. Auchomeke ulimi polepole na kuuacha katikati ya njia: unapaswa kurudishwa nje, usibaki. Aufunge, akigeuze kifungio mdomo chini, auning'inize mzigo wa kilo 35 kwenye ulimi, kisha abonyeze kitufe kwa kidole gumba kimoja: ulimi unapaswa kutoka bila kutikiswa. Mwisho autazame ulimi wenyewe katika mwanga. Ulimi uliopita katika ajali kubwa mara nyingi huwa na mkwaruzo au myeyuko wa plastiki mahali ambapo utepe ulisugua ukiwa umevutwa, na ukingo wa tundu uliobonyea mahali ambapo komeo lilishika. Ulimi wenye alama hizo, pamoja na kifungio chake, utupwe, hata kama bado unafunga na kufungua vizuri.